Sita na tisa: barua ya wazi kuhusu masikio ya vibarua wa Mombasa

Kwa Waziri wa Leba. Kwa Mkurugenzi wa Idara ya Usalama na Afya Kazini. Kwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa. Na kwenu wenye yadi, viwanda na godauni, kuanzia Shimanzi hadi Miritini.

Waheshimiwa, salamu.

Asubuhi moja wakala anayeleta vibarua yadini alisimama kwenye ngazi za ofisi akatutajia malipo ya siku. Nikasikia mia tisa. Nilipiga kazi siku nzima moyo mweupe, na jioni nilipohesabiwa mia sita nikazusha zogo ambalo hata leo nikilikumbuka naona haya. Wenzangu walinitazama kama mtu aliyepandwa na kitu. Kijana mmoja akanishika bega: "Alisema sita, mzee. Sote tulisikia sita."

Sita na tisa. Hebu yatamkeni polepole maneno hayo mawili. Irabu ni zile zile, i na a. Yanatofautiana kwa s na t kubadilishana nafasi, basi. Sauti kama s, t, f, sh na ch ni nyembamba na nyepesi, na ndizo sikio lililopigwa na kelele huanza kuzipoteza. Irabu hubaki. Na kwa kuwa Kiswahili silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, mtu kama mimi anaweza kukaa miaka akidhani anasikia. Anapata i-a, u-a, o-e-a, mengine anajazia mwenyewe. Mara nyingi hubahatisha sawa, ndiyo maana hashtuki.

Mwaka uliofuata tulikuwa tunafunga mlango wa kontena kwa winchi ya mnyororo. Mwenzangu aliyekuwa chini akapaza sauti, "Vuta!" Mimi nikapata u na a. Nikashusha. Kidole chake cha kati kilisagika hadi kiungo cha kwanza. Katika daftari la ajali kuliandikwa "uzembe", na mzembe nikawa mimi. Sikupinga, kwa sababu hata mimi niliamini hivyo. Leo najiuliza ni madaftari mangapi ya Mombasa hii yana neno hilo, na lilipaswa kuandikwa "sikio".

Kazi yenyewe wengi wenu hamjaiona kwa karibu, kwa hivyo niieleze. Mwaka 2024 bandari yetu ilivuka makontena milioni 2 kwa hesabu ya futi 20. Pongezi zilitolewa, na mimi nilipiga makofi kama wengine. Lakini kontena likishatembea bahari hurudi limebonyea ubavu, limetoboka, limeliwa na kutu, na lazima awepo mtu wa kulinyoosha. Nilikuwa mtu huyo kwa miaka 11, kibarua katika yadi ambayo siitaji, na si kwa woga. Yadi za aina hiyo ni nyingi, na nikiitaja moja zile nyingine zitashukuru Mungu na kuendelea na kazi.

Ubavu uliobonyea kuelekea ndani hunyooshwa kutoka ndani. Unaingia na nyundo kubwa, mwenzako anasimama nje akiegemeza kipande cha chuma mahali pa kupiga. Kontena la futi 20 ndani halifiki mita 6 kwa urefu, na upana wake ni mita 2 na sentimita 35. Kuta ni bati la chuma, dari ni bati la chuma. Ni ngoma, na mpigaji yumo ndani ya ngoma. Ukimaliza nyundo unashika grainda kukata sehemu iliyooza, unachomelea kiraka, kisha grainda tena kusawazisha. Mwezi wa Januari jua limeshika bati, jasho linaingia machoni, na kontena la pili liko mita 3 kutoka kwako, nalo lina watu wake na nyundo zao. Kuongea hakuna. Mnaelewana kwa mikono na kwa nyusi.

Wiki za mwanzo nilikuwa nikipanda matatu jioni na nyenje wamejaa masikioni. Nilikuwa naona midomo ya manamba ikicheza tu. Asubuhi nyenje wameshalala, nasikia vizuri, narudi kazini. Wakongwe walituambia, "Utazoea." Na kweli nilizoea. Kufika mwaka wa 3 kelele haikunisumbua tena, na nikajisifu kwamba nimekuwa fundi. Kumbe haikunisumbua kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kutoisikia.

Nyumbani walijua kabla yangu. Mke wangu alisema nimekuwa mkali, kumbe nilikuwa nikijibu kwa sauti ya yadi. Msikitini nilianza kuwahi Ijumaa, nakaa safu ya mbele, na wazee wakanisifu kwa kushika dini. Ukweli ni kwamba ukinikalisha safu ya 4 siambulii khutba. Nilizipokea sifa zile kimya kimya, Mungu anisamehe.

Aliyenipima hatimaye ni binti mmoja wa hospitali, kwa fedha zangu mwenyewe. Alinifungia kwenye kijichumba, akanivisha vya masikioni, akaniambia nibonyeze kitufe kila nisikiapo mlio. Kuna kipindi nilikaa muda mrefu nikingoja mlio uje, nikadhani mashine imekufa, kumbe milio ilikuwa inapita. Alipochapa karatasi, mstari ulianza upande wa sauti nzito ukaenda sawa kama barabara, kisha ukikaribia hertzi 4,000 (hertzi ni kipimo cha wembamba wa sauti) ukatumbukia kama mtu aliyekosa ngazi. Akautazama, akaniuliza kabla sijasema neno: "Baba, ni muziki au ni chuma?"

Nikamjibu ni chuma. Akanieleza kwamba ndani kabisa ya sikio kuna kitu kilichojizungusha kama koa, kina chembe ndogo zenye vinyweleo, kama 15,000 kwa kila sikio. Sauti ikiingia, vinyweleo huinama na kuinuka, mfano wa mwani maji yakipita. Kelele kubwa ikivipiga kila siku bila kupumzika, chembe hufa, na kwa binadamu zikifa haziotei nyingine. Zinazopokea sauti za karibu na hertzi 4,000 ndizo hutangulia. Nikamuuliza dawa. Akasema hakuna, kuna kifaa cha kukuza sauti, na hicho nacho hukuza pia yale usiyoyataka. Karatasi ile naiweka kwenye mfuko wa shati hadi leo, imekatika mikunjoni.

Jambo hili si geni duniani, waheshimiwa, msije mkaambiwa linasubiri utafiti. Daktari mmoja wa Glasgow, Thomas Barr, aliwapima mafundi 100 wa maboila mwaka 1886, na hakupata hata mmoja mwenye usikivu kamili. Kazi yao ilikuwa mmoja kuingia ndani ya boila akashikilia ribiti, yaani msumari wa kuunganishia mabati, na wengine nje kupiga nyundo. Tofauti yao na sisi ni kwamba nyundo yetu iko ndani.

Sheria pia ipo. Nimeisoma kwa msaada wa binti yangu, tukiwa na kamusi mezani. Kanuni za kuzuia kelele kazini zilitungwa mwaka 2005. Zinasema mfanyakazi asikae kwenye kelele inayozidi wastani wa desibeli 90 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa zaidi ya saa 8 katika saa 24, na kishindo cha mara moja kisipite 140. Mahali panapozidi 85, mwenye kazi awe na mpango kamili wa kulinda masikio: kelele ipimwe, watu wafundishwe, mashine zipunguzwe sauti, ilani zibandikwe, na masikio ya wafanyakazi yapimwe. Kisha ikaja Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, na humo kuna maneno niliyomwomba binti yangu anisomee mara mbili. Inasema sheria hii inahusu kila mahali ambapo mtu yeyote yuko kazini, awe wa muda au wa kudumu.

Wa muda au wa kudumu. Sasa niwaeleze tuliyoyaona sisi wa muda.

Siku moja gari la kupima masikio lilikuja yadini. Wafanyakazi wa kudumu, watu 14, waliitwa kwa majina. Vibarua tulikuwa zaidi ya 40 siku ile, na sisi ndio tuliokuwa ndani ya makontena. Wengi wa wale 14 walikuwa wa geti, stoo na ofisi. Supavaiza alituambia tukae upande wa pili, tusipige nyundo hadi gari liondoke, kwa sababu mashine ya kupimia inataka kimya. Nilikaa chini ya kivuli cha trela nikala muhogo wangu. Lilikuwa pumziko zuri, sitasema uongo. Karani wa stoo alipimwa masikio yake, na mimi niliyetoka ndani ya ngoma nikatakiwa tu nisimpigie kelele.

Ukimuuliza mwenye yadi, atakwambia hao si watu wangu, ni wa wakala. Ukimuuliza wakala, atakwambia mimi naleta watu tu, kelele si yangu. Kibarua mwenyewe leo yuko hapa, kesho yuko kwenye kiwanda cha vyuma, keshokutwa anapakua klinka, malighafi ya saruji, bandarini. Kila mahali anaacha kidogo cha sikio lake, na hakuna pahali panapodaiwa lote.

Ombi langu kubwa kwenu ni hili, na kama mtalitupa lililobaki lishikeni hili: kipimo cha masikio kimfuate mtu, kisifuate mkataba. Kila anayeingia kwenye kazi ya kelele, hata ya siku moja, awe na kadi yenye kipimo chake cha kwanza na cha kila mwaka, na kadi ikae mkononi mwake. Msiniambie ni vigumu. Kaunti hii hii humtaka mpishi wa hoteli awe na cheti cha afya, naye anapimwa, anakihuisha, anakibeba akihama kazi. Ikiwa tumeweza kwa ajili ya tumbo la mteja, tunaweza kwa ajili ya sikio la anayefanya kazi. Hospitali za umma ziko chini ya Gavana, na leseni za biashara pia ziko chini ya Gavana. Yadi inayokuja kuhuisha leseni iulizwe matokeo ya vipimo vya kelele vya mwaka, kama inavyoulizwa mambo ya moto.

Nawasikia wenye viwanda wakisema kadi kama hiyo itatufungulia kesi. Inaweza pia kuwafungia. Kibarua akija na mstari ulioanguka tayari, itajulikana hakuanguka kwako. Linalonitia hofu mimi ni jingine: mtu aonyeshe kadi getini, aambiwe masikio yako mabovu, nenda nyumbani. Hilo Waziri alifikirie mapema, liandikwe wazi kwamba kipimo kibovu ni sababu ya kubadilishiwa kazi na kulindwa zaidi. Vinginevyo vijana watazitupa kadi hizo baharini, na mimi sitawalaumu.

Jambo la pili ni hiyo 90. Desibeli haziongezeki kama shilingi. Kila zikipanda 3, nguvu ya sauti inayoingia sikioni inakuwa mara mbili. NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, inapendekeza 85 kwa saa 8, na kila zikipanda 3 muda ukatwe nusu. Kwa hesabu hiyo 90 inavumilika kwa saa mbili na nusu, sisi tunairuhusu zamu nzima. Hata huko Marekani kikomo cha sheria yenyewe kimebaki 90, kwa hivyo asije mtu akaniambia naiga wazungu, nawaomba muwapite. Na saa 8 zenyewe ni za kwenye karatasi. Meli ikishika foleni, ovataimu haina mwisho. Nimewahi kuingia saa 1 asubuhi nikatoka saa 3 usiku.

Tatu, vizibo. Kila nikilalamika naambiwa, "Si mlipewa vizibo?" Tulipewa, ndiyo, vile vya sponji, jozi moja kwa mwezi. Hakuna aliyetuonyesha kwamba lazima ukisokote kiwe chembamba, uvute sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, ukiingize, ukishikilie mpaka kivimbe. Tulikuwa tunavibandika mlangoni mwa sikio kama maua. Baada ya siku mbili kimejaa jasho na vumbi la kutu, sikio linawasha, linatoa maji. Wengine walitumia pamba. Vijana walivaa vya kusikilizia muziki wakaongeza sauti juu ya nyundo, yaani chumvi kwenye kidonda. Na hata kizibo kizuri kabisa, ukikivua kwa nusu saa tu katika zamu ya saa 8, kinga yako ya siku nzima haiwezi kuzidi desibeli 12 hivi, hata kama pakiti imeandikwa 30. Sasa nani katika joto la Mombasa, ndani ya kontena, hatavua nusu saa?

Vizibo viwepo, lakini viwe vya mwisho. Kelele ikatwe inakotoka. Ubavu uliobonyea unaweza kusukumwa kwa jeki ya haidroliki badala ya nyundo; jeki inasukuma bila kupiga kelele, na nimeiona ikifanya kazi kwa macho yangu katika yadi ya jirani, ile tuliyokuwa tunaichungulia ukutani kwa wivu. Bati linalosagwa likiegemezewa magunia ya mchanga halilii kama kengele. Kompresa iliyokuwa mita 5 kutoka kwa mafundi ikisogezwa hadi iwe mita 10 kutoka kwao mahali pa wazi, sauti yake inashuka kama desibeli 6, na gharama ni mpira mrefu zaidi wa upepo. Mbao au mpira mahali pa kushushia vyuma. Grisi kwenye beringi. Wapangeni wenye grainda mbali na wengine. Haya si ya kuagizwa Ulaya.

Kwako Mkurugenzi, neno moja kuhusu ukaguzi. Mkaguzi wenu alipokuja kwetu tulijua tangu jana yake. Tulipewa riflekta mpya, grainda zikapumzishwa, yadi ikafagiliwa hadi ikafanana na uwanja wa shule. Alipima kelele akiwa mlangoni mwa ofisi. Mashine yake haikusema uongo, ofisini hakuna kelele. Nawaomba mje bila kupiga simu, Alhamisi alasiri wakati meli imetoa mzigo, na muingie ndani ya kontena na hiyo mashine, mlango ukiwa nusu wazi kama tunavyofanya sisi, mtu akipiga nyundo. Dakika 5 zinatosha. Vaeni vizibo.

Nina kinyongo kidogo pia, nikiseme. Klabu ikipiga muziki usiku, wakazi hupiga simu, na tangu 2009 kuna kanuni za mazingira za kuwasaidia. Wakati mwingine spika hubebwa. Ni haki yao, watu walale. Ila sijawahi kuona grainda ikibebwa. Jirani anayesumbuliwa ana namba ya kupiga na hakuna wa kumfukuza nyumbani kwake. Kibarua akilalamika leo, kesho wakala anamruka kwenye mstari kana kwamba hakumwona, wala hahitaji kumwambia kwa nini.

Wenye yadi, ninyi sikuwasahau. Sheria inawataka muwe na kamati ya usalama mkifikisha watu 20. Wahesabuni na vibarua katika hao 20, na muwape kiti kimoja mezani. Kijana aliyenishika bega siku ile ya mia sita bado yuko kazini. Ana miaka kama 27. Juzi alinitembelea Mikindani, tukanywa kahawa barazani, na mara mbili aliniambia "Eh?" nilipozungumza. Mimi ndiye kiziwi pale, lakini yeye ndiye aliyekuwa akiinamisha sikio.

Kama mtahitaji mtu wa kuwaonyesha mahali, nipo. Msinipigie simu, tumeni ujumbe wa maandishi. Na tukikutana, simameni upande wangu wa kulia.

Wenu,
Fundi wa makontena aliyestaafishwa na masikio yake,
Mikindani, Mombasa